Tofali Linadumu, Ubongo Unazeeka

Roboti ilifika ukutani, ikasimama. Ikafika kabatini, ikasimama. Ilipofika mlangoni ikaliparamia pazia kana kwamba halipo, pazia likajiviringisha kwenye magurudumu, na mota zikabaki zinalia palepale. Mpwa wangu, binti wa miaka kumi, akapiga magoti, akaizima, akanitazama.

"Mjomba, mbona pazia hailioni?"

Sikumjibu. Tukatoa sinia, mto, kipande cha ubao na kanga ya mama yake, tukavisimamisha kimoja kimoja sentimita 30 mbele ya roboti, naye akaandika kwenye daftari namba iliyosomeka. Sinia na ubao vikasomeka vizuri. Kanga na mto, namba zikawa zinarukaruka au hazipo kabisa. Akalilaza sinia upande kidogo, nalo likapotea. Akakaa kimya, akachezea ile sensa, yaani kifaa cha kuhisi, yenye miviringo miwili usoni, ambayo kila mtu akiiona husema ni macho. Halafu akasema, "Kumbe haina macho. Inasikiliza."

Ndivyo ilivyo. Inatoa mlio mwembamba ambao sikio la mtu halisikii, mlio unagonga kitu na kurudi, na muda wa kurudi ndio unaogeuzwa kuwa umbali. Nguo laini huumeza mlio, na sinia lililoinama huurusha pembeni.

Naanza na pazia kwa sababu wiki mbili sasa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tunabishana juu ya seti hii ya matofali ya plastiki ya kuunda roboti. Mpinzani wangu mkubwa ni fundi wa redio ambaye amenizidi umri na namheshimu. Hoja yake ni kwamba hizi ni fedha za kutupa: siye tulikua tukiunda magari kwa waya na ndara, hatukununuliwa kitu, na mikono yetu ikajua kazi. Hilo si neno la wivu, na nimelipima kwa dhati kabla ya kuandika.

Kwanza bei, maana ndiyo inayouma. Seti yenyewe ni LEGO Mindstorms Robot Inventor, namba 51515, iliyotoka Oktoba 2020. Ina vipande 949, mota nne, sensa ya umbali, sensa ya rangi, na boksi la ubongo, yaani kompyuta yake ndogo, lenye matundu sita ya kuchomeka waya na taa ndogo 25 usoni. Ikiwa mpya iliuzwa Marekani kwa dola 359.99. Ukipiga dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni laki tisa, na bado hujalipa usafirishaji wala ushuru. Yetu imeshatumika, tuliletewa na binamu anayeishi Uingereza. Laki tisa kwa nyumba moja ya Tanga kwa ajili ya mtoto mmoja? Hapo fundi kashinda, wala sina la kumjibu.

Kwenye kuunda ndipo tunapoachana.

Tulitandika mkeka, tukagawa vipande kwenye bakuli, pini peke yake, gia peke yake, mihimili ya plastiki yenye matundu peke yake. Mtu asiyewahi kuzishika hizi pini atadhani ni moja zilizotofautiana rangi. Sivyo. Nyeusi zina vijimatuta vinavyobana ndani ya tundu, za kijivu ni laini na zinazunguka. Binti alitia nyeusi mahali pa kijivu kwenye mkono wa roboti, na hatukugundua mpaka hatua kama arobaini mbele, mkono ulipogoma kunyanyuka huku mota ikikoroma. Alianza kwa kulaumu mota. Akaibadilisha, mkono ukagoma vilevile. Akalaumu amri alizoandika, akazipunguza hadi ikabaki moja, mkono ukagoma. Ndipo akaushika kwa kidole na kuusukuma mwenyewe, akahisi ukinzani. Kubomoa na kurudisha kulichukua robo saa, wala hakuna kilichokatika au kuungua. Ukikosea kuunganisha waya kwenye saketi unaweza kuua kifaa. Kwenye tofali, kosa linabomoka na kazi inaendelea jioni ileile.

Gia nazo zilimpa kitu. Gia ya meno 12 ikizungusha ya meno 36, mzunguko unapungua mara tatu na nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara tatu. Huu ni mji wa baiskeli, kwa hiyo tulitoka uani tukaipindua ya baba yake. Kule mbele kuna gia kubwa, nyuma ndogo, na mguu ukizunguka mara moja gurudumu linazunguka zaidi. Roboti yetu imepangwa kinyume. Alihesabu meno ya baiskeli mwenyewe, akachafuka grisi mpaka kwenye viwiko.

Hapo fundi akanikamata tena: "Sasa si baiskeli ndiyo iliyomfundisha?"

Ni hoja nzito kuliko alivyojua. Jina la Mindstorms lilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1980 cha Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi chuo kikuu cha MIT huko Marekani, mmoja wa waliowaza mapema kwamba mtoto aiamuru kompyuta badala ya kompyuta kumwamuru mtoto. Papert mwenyewe alieleza kwamba utotoni alipenda gia za magari, na kwamba zilimsaidia kichwani hata kwenye jedwali la kuzidisha. Hakuwa na seti yoyote ya roboti. Alikuwa na magari halisi na mapenzi. Kwa hiyo hata mtu ambaye jina la seti limetoka kwake anaweza kuitwa shahidi wa upande wa fundi.

Hata hivyo naona kuna kitu gari la waya halina. Likigoma, kosa liko mbele ya macho: waya umepinda, ndara imechanika. Roboti ikigoma, kosa linaweza kuwa kwenye plastiki, kwenye waya, kwenye amri, au kwenye sensa iliyodanganywa na pazia. Mtoto analazimika kuzitenga sababu, kujaribu moja na kuziacha nyingine zilivyo. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya fundi wangu kila siku akifungua redio, anaanza na umeme unaoingia, anaenda hatua kwa hatua hadi spika. Nilipomwambia hivyo alicheka, lakini hakukataa.

Upande mwingine nakiri udhaifu ambao wapenzi wa seti hizi huupitia haraka. Maelekezo ni ya kwenye skrini, yana roboti tano, na kila hatua imechorwa. Siku tatu za mwanzo binti hakubuni lolote, alitii picha. Watoto wengi wataishia hapo: wamalize tano, wapange kabatini, wachoke. Lile pazia halikuwemo kwenye maelekezo, na bila hilo angejifunza nusu tu. Tena vitalu vya amri alivyovipanga kwenye skrini vilikuwa na maneno ya Kiingereza, akawa anakariri umbo na rangi ya kitalu kabla ya kujua maana yake. Scratch, programu ya watoto iliyotoka 2007, hufunguka kwa Kiswahili, na ningemwanzishia huko mwezi mzima kabla ya kugusa mota.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni umri. Tofali la LEGO la sasa liliombewa hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1958, na la enzi hizo bado linashikana na la leo. Plastiki ya seti hii ataichezea mwanawe. Ubongo je? Mindstorms ilianza 1998, ikabadilishwa 2006, ikabadilishwa 2013, ikaja hii ya 2020, na mwishoni mwa 2022 kampuni ikaacha kabisa kuuza Mindstorms. Programu ya kuiendesha Robot Inventor iliahidiwa kuendelea angalau hadi mwisho wa 2024. Yaani kifaa cha laki tisa kilihakikishiwa uhai wa miaka minne. Redio ya mwaka 1975 fundi bado anaifufua, kwa sababu haimwombi mtu ruhusa ya kuwaka.

Haijafa, nisitishe watu. Kuna Pybricks, programu iliyotengenezwa na watu huru, inayokaa ndani ya boksi lilelile na kuandikiwa amri kwa Python, lugha ya kompyuta, kupitia kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta yenye bluetooth. Inafanya kazi vizuri. Ila anayeiweka lazima awe mtu mzima asiyeogopa kompyuta, na si kila nyumba inaye.

Kwa anayeanza na fedha kidogo, micro:bit, bodi ndogo ya kielektroniki inayopokea amri, ni rahisi zaidi, nayo ina taa 25 vilevile. Arduino pia, bodi nyingine ya aina hiyo. Lakini zote mbili huja bila mwili, na kuutengeneza mwili ndiko gari la waya linakorudi mchezoni. Hapo mimi na fundi tumeafikiana: yeye atawafundisha watoto wa mtaa kuunda chasi kwa waya na ndara, mimi nitaleta ubongo.

Seti ya matofali basi iwe ya shule au klabu, si ya sebule. Watoto wanne kwa boksi moja, tena iliyotumika, na mwalimu mmoja wa kuisimamia. Vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo kusoma maelekezo kwenye skrini si ndoto. Mtu akikuuzia, usianze kuhesabu plastiki. Washa boksi, lichomoe kwenye chaji, liache liendeshe mota zote nne kwa nusu saa uone kama betri inashika. Liunganishe na kifaa kilekile mtakachotumia, si cha muuzaji. Zungusha kila mota kwa mkono, sikiliza kama kuna mchanga, maana hapa pwani mchanga unaingia popote. Angalia ncha za waya kama zimeshika kutu ya chumvi. Mota, waya na sensa vikiwa salama, pini zikipungua ishirini, chukua tu.