Funga kitabu, mwanangu

Jumanne iliyopita baada ya isha, mwanangu alikaa mezani na daftari lake la sayansi. Yuko gredi ya 5, na Ijumaa walikuwa na mtihani. Alikuwa akipitisha kidole chini ya kila mstari, midomo ikimcheza, na kila akifika mwisho wa ukurasa anarudi juu. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mahamri ya asubuhi, namtazama kwa pembeni, moyo umenitulia. Mtoto anasoma. Mama gani hafurahi?

"Mama, nishamaliza. Nimesoma mara tatu."

Nikafuta mikono, nikaenda kukaa mkabala naye. "Funga kitabu, mwanangu. Sasa nieleze mie. Chakula kikishatafunwa mdomoni, chaenda wapi?"

"Tumboni."

"Chapitia wapi? Na kikifika huko tumboni chafanywa nini?"

Akanitazama. Akaitazama feni. Mkono ukaanza kulinyemelea daftari, nikaweka kiganja changu juu yake. Dakika nzima hakupata neno, na machozi yakaanza kumlengalenga, kwa sababu mwenyewe alikuwa na yakini kwamba anajua.

Hapo ndipo paliponiuma. Mtoto hakunidanganya, alisoma kweli, tena kwa bidii. Sisi wakubwa ndio tuliomfunza kwamba kusoma ni kupitisha macho juu ya maandishi mpaka yazoeleke. Maandishi yakishazoeleka, akili hudhani imeyashika. Mtu anaweza kupita Barabara ya Digo hapa Mombasa kila siku miaka 10, kila duka analijua akiliona, lakini mkalishe nyumbani umwambie akutajie maduka hayo kwa mpangilio wake, atakwama kabla hajafika la tano. Kukitambua kitu kikiwa mbele ya macho ni jambo moja. Kukitoa kichwani wakati hakipo ni jambo lingine kabisa, na mtihani huuliza hilo la pili. Maisha pia.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo natamani kila mzazi alijue. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu viwili vifupi vya sayansi. Kifungu kimoja walikisoma, kisha wakakisoma tena. Kingine walikisoma mara moja tu, kikaondolewa, wakapewa karatasi wakaambiwa waandike yote wanayoyakumbuka. Hakuna aliyewasahihisha. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikikumbuka vizuri zaidi kile walichokirudia: asilimia 81, na kile walichojiandikia kutoka kichwani asilimia 75. Lakini kwa wale waliongojeshwa wiki nzima, mambo yalipinduka. Kifungu kilichorudiwa kusomwa kilibaki kwa asilimia 42, na kile kilichotolewa kichwani kwa asilimia 56. Katika jaribio lao jingine, waliorudia kusoma mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka, na ndio waliosahau zaidi.

Nilipolisoma hilo nilimwona mwanangu na daftari lake. Usiku wa kuamkia mtihani kurudia kusoma hulipa, kwa hivyo mtoto huona njia yake ni sawa, na mwalimu huona alama nzuri. Deni hulipwa muhula unaofuata, wakati hakuna aliyebaki na kitu. Majaribio ya namna hiyo yamekuja kufanywa pia katika madarasa ya watoto, na mwelekeo ni ule ule: kila akili inapokivuta kitu kutoka ndani, inakikaza.

Na kuna suala la nafasi kati ya siku na siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeandika mwaka 1885, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana yoyote. Orodha ya silabi 12 alipoirudia mara 68 kwa siku moja, siku ya pili iliweza kumrudia kwa urahisi fulani. Alipoyagawa marudio kwa siku tatu, 38 yalimfikisha pale pale. Karibu nusu ya jasho. Sisi nasi twawakesha watoto usiku mmoja kabla ya mtihani, tena twajisifu kwa majirani kwamba mtoto wetu alikesha.

Lakini mimi haya sikuwa na haja ya kuyasikia kutoka Ujerumani wala Marekani. Nilikulia chuoni, na ninaposema chuo, mtu wa Mombasa anajua nasema chuo gani: ukumbi wa nyumba ya maalim wa Kurani, mikeka sakafuni, watoto 30 kila mmoja na pahala pake, huyu yuko kwenye alifu, yule yuko juzuu ya tano. Hakuna aliyemngoja mwenziwe. Ulikuwa ukihifadhi aya zako, ukiona zimekaa waenda mbele ya maalim, wampa msahafu aushike yeye, wasoma kwa kichwa. Ukikosea aliguna tu, "Mh!", nawe ujitafutie kosa liko wapi. Usipolipata warudi mkekani. Ukipita, wapewa aya mpya, lakini kabla ya hizo mpya lazima uanze na za jana, na Alhamisi zarudiwa za wiki nzima. Tuliita kudurusu. Kutoa kichwani bila kutazama, kwa vipindi, mbele ya mtu anayekusikiliza wewe peke yako. Yote wanayoyasifu watafiti leo yalikuwa pale mkekani, na mpaka sasa, nikiwa na umri huu, nikiamshwa saa tisa za usiku nakusomea Amma yote, ile juzuu ya mwisho ya Kurani. Jiografia niliyonakili ubaoni mchana wa siku hizo hizo imekwenda na maji.

Nampenda maalim wangu na namwombea rehema, ila sitaficha kwamba kulikuwa na bakora, na bakora haikunisaidia kukumbuka hata herufi moja. Hofu hukaa mahali pale pale akilini ambapo fikra zingefanyia kazi. Mtoto anayengoja kipigo anafikiria kipigo. Na kuna jambo jingine kubwa zaidi. Tulihifadhi maneno, maana hatukuulizwa. Mwaka 1981 Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha utafiti wao juu ya Wavai wa Liberia, watu ambao baadhi yao husoma Kurani, baadhi wamekwenda shule za Kiingereza, na baadhi hutumia maandishi ya Kivai waliyoyabuni wenyewe. Wasomaji wa Kurani walionyesha nguvu katika jaribio moja la kumbukumbu: orodha inayoongezwa neno moja kila mara, uirudie yote kwa mpangilio, yaani vile vile aya zinavyohifadhiwa. Katika majaribio ya kumbukumbu ya namna nyingine hawakuwa na ubora huo. Akili ilikuwa imepata nguvu pale ilipozoezwa, haikupata nguvu kila mahali.

Hili ndilo linalonifikisha kwenye kachiri.

Mamangu hukaanga kachiri na kuziuza barazani kwake Majengo, paketi shilingi 15, na Jumamosi mjukuu wake huenda kumsaidia. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa pale. Akaja kijana na noti ya 200, akataka paketi saba. Mwanangu hata hakusimama kufikiri. "Nne sitini, tatu arubaini na tano, mia na tano." Akamrudishia chenji kwa kupanda: sarafu ya tano, "mia na kumi," nyingine ya kumi, "mia na ishirini," kisha nne za ishirini mpaka 200. Tisini na tano, bila senti kupotea, huku akiufunga mfuko wa pilipili kwa mkono mwingine.

Jioni yake nilifungua daftari lake la hisabati. Kwenye ukurasa wenye alama nyekundu palikuwa na zidisha, 15 juu, 7 chini. Jibu lake: 735. Alikuwa amezidisha saba kwa tano akaiandika 35 yote, kisha saba kwa moja akaiweka 7 mbele yake. Mwalimu alitia mkasi, basi. Hakuna aliyemuuliza alifikaje huko.

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti wa watoto wa namna hii hii katika mji wa Recife, Brazili, mji wa pwani kama wetu. Watoto walikuwa watano tu, wa miaka 9 hadi 15, wauzaji wa sokoni na mitaani. Watafiti walikwenda kwao kama wateja. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa akiuza nazi, moja kwa 35. Alipoulizwa bei ya nazi 10 hakuongeza sifuri kama shule inavyofundisha. Alihesabu tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaendelea hivyo mpaka akafika 350. Kwenye biashara watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu zizo hizo kwenye karatasi, nambari tupu bila nazi, walipata asilimia 37. Mwaka 2025 kundi la watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo lilichapisha katika jarida la Nature utafiti mkubwa zaidi kutoka masoko ya Kolkata na Delhi, nchini India, na likakuta hayo hayo. Tena likaongeza upande wa pili: watoto wa shule waliozimudu hesabu za kitabu walibabaika walipopewa hesabu za sokoni.

Kwa hivyo simwambii mtu kwamba mtaa ni bora kuliko shule. Mtoto wa sokoni anahitaji ile karatasi, maana hesabu ya kupanda kidogo kidogo itamchosha nambari zikiwa kubwa, na mtoto wa darasani anahitaji kujua 735 inanuka. Ninachokilalamikia ni kwamba daraja kati ya hapa na pale halijijengi lenyewe. Lazima mtu mzima akae na mtoto amuulize: ulifikiri vipi? Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kufundishwa nchi nzima mwaka 2019, uliahidi umilisi, yaani mtoto aweze kulifanya jambo, si kulikariri tu, na KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mimi niliufurahia. Lakini daftari la mwanangu bado ni kurasa na kurasa za kunakili kutoka ubaoni, na Jumamosi asubuhi wenzake wapo tuisheni wakinakili zaidi. Wazazi wenzangu wa Kisauni twalipia tuisheni hiyo kwa pesa za taabu, na hatuulizi inafanywa nini humo ndani.

Na lugha. Shule niliyosoma mimi, aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine. Niliwahi kukaa nacho siku mbili, na siku hizo mbili sikufungua mdomo darasani kwa lugha yoyote. Ripoti ya Gachathi, ya kamati ya serikali juu ya elimu, ilipendekeza tangu mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayosemwa pale wanapoishi, na mtaala wa sasa unasema hivyo pia mpaka gredi ya 3. Hapa Mombasa lugha hiyo ni Kiswahili, haina haja ya kutafutwa. Hata hivyo mtoto wa miaka sita bado anasimuliwa kuhusu mvua kwa Kiingereza. Wanasayansi wa akili wanaeleza kwamba kumbukumbu ya kazi, yaani ile sehemu inayoshika mambo wakati tunayafikiria, ni finyu mno: mtu mzima hushika vitu kama vinne kwa pamoja, mtoto pungufu ya hapo. Mtoto anayezitumia nafasi zake kutafuta maana ya maneno, hiyo mvua ataiweka wapi? Kiingereza nakitaka, mwanangu atakihitaji. Lakini kwanza aielewe mvua.

Jumanne ile, baada ya machozi, sikumrudisha kwenye daftari. Nilimwambia anieleze safari ya hamri, kwa Kiswahili, tangu inapoingia mdomoni. Alipokwama nilimwacha akwame kidogo, kisha akafungua daftari kutafuta kile kimoja alichokikosa, akafunga. Ilimchukua robo saa kufika utumbo mwembamba. Jumatano asubuhi nikamuuliza tena njiani tukingoja matatu, akaeleza haraka zaidi, akasahau ini. Alhamisi hakusahau ini.

Usiku huo wa Alhamisi ndipo nilipomwekea ile 735 mbele yake. "Hii uliifanyaje?" Akanionyesha, hatua kwa hatua, bila wasiwasi wowote. Nikamwambia, "Haya, mwandikie huyu mwalimu jinsi ulivyomhesabia yule kijana wa kachiri." Akaandika 60. Chini yake akaandika 45. Akajumlisha, akapata 105. Akaishika kalamu hewani, akiitazama ile 15 na ile 7, kisha akaandika tena pembeni: saba mara kumi, 70; saba mara tano, 35. Mia na tano tena. Akairudia ile 735 akaitazama kwa muda.

"Mama," akasema, "nyanya hana kachiri za pesa hizi."