Dirty Pipe: kiraka cha mistari miwili na kesi ya Rust

Kiraka kilichoziba Dirty Pipe, udhaifu wa usalama katika kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo endeshi), kina mistari miwili, kila mmoja ukiweka sifuri kwenye alama zinazoonyesha hali ya nafasi moja ya bomba, njia ambayo programu hupitishiana data. Tangu mwandishi wa programu Max Kellermann autangaze udhaifu huo Machi 2022, wanaotaka C, lugha iliyoandikiwa kerneli, iachwe na Rust, lugha inayozuia makosa mengi ya kumbukumbu, ishike nafasi yake wameufanya ushahidi wao. Na wana hoja: Microsoft ilisema mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu inaourekebisha kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu, yaani programu kutumia kumbukumbu ya kompyuta isivyopaswa. Kuwahimiza watu wawe makini zaidi hakujasaidia.

Ila watunzaji wa kerneli wanaosita mbele ya Rust huitwa wazee waoga, na hapo ndipo kesi hii inaposomwa vibaya. Sifuri ile ilisahaulika tangu toleo 4.9, mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa haikumdhuru mtu. Mwaka 2020, toleo 5.8 likaleta alama mpya inayoruhusu data iongezwe kwenye ukurasa wa kumbukumbu ambao tayari umo bombani. Alama iliyosalia kutoka matumizi ya awali ikageuka ruhusa: mtumiaji wa kawaida akaweza kuandika juu ya faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, hata ile ya nywila. Aliyekagua badiliko la 2020 peke yake asingeona kosa.

Je, Rust ingeliona? Si lazima. Nafasi ile ilikuwa na thamani halali kabisa, ila ya zamani. Kompaila ya Rust, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ingelalamika kama mwandishi angeijaza nafasi nzima upya akaacha sehemu moja. Akibadilisha sehemu moja moja, ingenyamaza sawa na ya C.

Tena kuna suala la kasi, ambalo halisemwi vya kutosha. Kellermann aliwasilisha kiraka tarehe 20 Februari. Tarehe 23 kilikuwa ndani ya 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Siku tatu, matoleo matatu, kwa sababu mistari miwili inasomeka na kuhamishika bila ubishi. Rust yenyewe iliingia kwenye kerneli na toleo 6.1, Desemba 2022. Bomba lililoandikwa upya lisingewafikia walio kwenye 5.10.

Kwa hiyo madereva mapya (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) yaandikwe kwa Rust, bomba la zamani liachwe. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Android: sehemu ya udhaifu wa kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 35 mwaka 2022, na Google haikuandika upya msimbo wote wa zamani. Ilibadilisha lugha ya ule mpya.