Hela ya taka watu wanatoa, gari ndilo halionekani

Kila mjadala wa usafi Dar es Salaam unarudi kwenye lawama ileile: wananchi hawataki kulipa ada ya taka. Siikubali hata kidogo. Watu wanalipa, na wengi wanalipa mara mbili.

Pita Tandale au Buguruni wiki ambayo gari la taka halikuja. Viroba vimeegemezwa ukutani, vinachuruzika maji, funza wameshaanza kutambaa na kunguru wametoboa viwili vitatu. Mwenye nyumba anamwita kijana wa mkokoteni, wanapatana, anatoa hela papo hapo. Hajatishiwa faini na mtu. Ametoa kwa sababu uchafu unaondoka akiuona. Mwisho wa mwezi anakuja mkusanya ada na mashine yake ya risiti, anadai hela ya gari ambalo halikufika. Mama huyo akigoma, anaitwa mkaidi.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Watu wa namna hiyo huwezi kuniambia hawajali usafi.

Tatizo ni safari. Dampo liko Pugu Kinyamwezi, na gari linalotoka Bunju linavuka karibu jiji zima kwenye foleni. Mkandarasi akipiga hesabu ya mafuta anapunguza mizunguko, na wa kwanza kurukwa ni wale wa vichochoroni, ambako gari haliingii hata likitaka. Kijana wa mkokoteni naye Pugu hafiki. Anamwaga mtaroni au kando ya Mto Msimbazi, masika yakikolea Jangwani wanaogelea na taka zetu. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo ni maganda na mabaki ya jikoni, vitu vya kugeuzwa mboji hukuhuku, kama mtambo wa Mabwepande unavyofanya.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha ada au kutuma mgambo, vijana wa mikokoteni wasajiliwe, walipwe kutokana na ada hiyohiyo, wawe wanatoa taka vichochoroni na kuzifikisha gari linaposimama. Ratiba ya gari ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe asaini kila linapopita, na wiki ambayo halikupita isidaiwe.