Kuna saikolojia nyingine Bukavu

Ukipitia orodha ya mada za kazi za mwisho wa masomo katika idara za saikolojia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, utadhani mji huu hauna mtu anayecheka, anayesahau wala anayejifunza kusoma. Kiwewe kwa wakimbizi. Kiwewe kwa wanawake waliobakwa. Kiwewe kwa watoto waliotoka jeshini. Mimi ni chef de travaux (CT), yaani mwalimu wa chuo kikuu aliye chini ya profesa, kazi za namna hiyo nimesimamia nyingi, na naona tumezidisha.

Sisemi kiwewe si kitu, vita tunavijua. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini huku mashariki kwa wanawake waliobakwa. Waliopata tiba ya kikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja, na waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa hapahapa. Hiyo ni kazi ya maana. Kinachoniudhi ni namna mada zinavyochaguliwa. Asistanti, mwalimu wa ngazi ya chini, anakaa na mshahara usioeleweka, shirika la misaada linakuja na nauli pamoja na dodoso lililokwisha kuandikwa, yeye anazunguka kukusanya majibu. Ili apande cheo lazima awe na makala, na makala zinafuata penye mradi. Wanafunzi wameshang'amua. Mmoja aliniuliza: “CT, na sujet hiyo nani atanipa kazi?”

Sujet yenyewe, yaani mada, ilikuwa hesabu za sokoni. Pale soko la Kadutu, mtoto wa kike anayemsaidia mama yake kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anapokea noti ya dola 5, anainua juu aone kama imechanika (ikichanika hata kidogo hapokei), anapiga bei kwa kiwango cha siku hiyo na kurudisha chenji ya franga, bila kalamu. Mwite ubaoni uone.

Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walichapisha utafiti wa watoto wachuuzi 5 wa Recife, Brazili. Wakiwa kazini walipatia asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu za aina hiyohiyo kwa tarakimu tupu, asilimia 37. Watoto 5 tu, na walimu wa saikolojia duniani bado wanaufundisha utafiti huo! Tena wa kwetu wanahesabu kwa sarafu mbili, na kisha shule inawauliza kwa Kifaransa. Je, kinachowakwamisha ni karatasi au ni lugha? Kulijua hilo hakuhitaji mfadhili. Unanunua sambaza, unaandika mtoto alivyohesabu, baadaye unampa hesabu zilezile kwenye karatasi, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kifaransa. Daftari, pesa ya sambaza, ruhusa ya mama.

Yule mwanafunzi alichagua kiwewe, nikamsainia. Ana wadogo wanaomtegemea, na shirika analolitazamia linalipa dola. Ila mwaka ujao, atakayeniletea dodoso la mradi wa watu, nitamwomba atafute msimamizi mwingine.