Kalsinyurini na figo iliyopandikizwa: tumzuie kwa kiasi gani?

Aliyepandikizwa figo humeza takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, asubuhi na jioni, na hatakiwi kuiacha maadamu figo hiyo inafanya kazi. Kidonge hicho humzuia kimeng'enya aitwaye kalsinyurini asiondoe fosfeti kwenye protini ya NFAT. Ndani ya seli T, askari wa kinga ya mwili, NFAT yenye fosfeti hubaki nje ya kiini. Fosfeti zikiondolewa huingia, huwasha jeni la interlukini-2, protini inayozichochea seli hizo, na seli huzaliana na kuivamia figo ngeni.

Shida ni kwamba kalsinyurini hayumo kwenye seli T peke yake. Yumo pia kwenye figo, kongosho na ubongo. Ndiyo sababu watumiaji hupata presha, kutetemeka mikono, kisukari, na makovu yanayoila polepole figo ileile tuliyotaka kuiokoa. Hilo halipaswi kuchukuliwa kama jambo dogo.

Wanaotaka dawa hizi ziachwe wana hoja nzito. Belatasepti, dawa nyingine ya kuzuia figo kukataliwa, haimgusi kalsinyurini, na katika jaribio la BENEFIT, baada ya miaka 7, figo za walioitumia zilichuja damu vizuri kuliko za waliotumia siklosporini, ambayo humzuia kalsinyurini kama takrolimusi. Lakini miezi ya mwanzo figo za waliotumia belatasepti zilikataliwa mara nyingi zaidi, na dawa yenyewe hutolewa kwa dripu kila mwezi.

Mimi nashawishika zaidi na jaribio la Symphony la mwaka 2007, lenye wagonjwa 1,645. Takrolimusi ya dozi ndogo ilishinda: katika mwaka wa kwanza figo zilikataliwa kwa asilimia 12.3 ya wagonjwa, dhidi ya 25.8 kwa siklosporini ya dozi ya kawaida, na zilichuja vizuri zaidi. Kumbe kalsinyurini hahitaji kunyamazishwa kabisa.

Ila dozi ndogo bila kupima kiwango cha dawa kwenye damu ni hatari. Damu hutolewa kabla ya kidonge cha asubuhi. Aliyekwisha kumeza nyumbani, majibu yake yatapotosha. Juisi ya balungi hupandisha kiwango cha dawa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hukishusha mno hadi figo inaweza kukataliwa, na kwetu kifua kikuu bado kipo kwa wingi. Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017. Bima inayolipia vidonge inapaswa kulipia na kipimo hicho, kila mara daktari anapokiagiza.