Besi Ikwaruze, Lakini Chini Pabaki Safi

Ukipiga gitaa la besi lenye distoshoni, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi, hapa Nairobi, jiandae kwa swali la fundi wa sauti: "Bosi, spika imepasuka?" Atauliza kwa upole, lakini mkono wake utakuwa tayari uko kwenye mikisa, ile meza ya kusawazisha sauti, ukikushusha. Mimi simlaumu. Wikendi nzima amekuwa akihudumia benga, rumba na ibada, muziki ambao besi yake hutakiwa iwe safi na nene. Halafu, tuseme ukweli, wengi wetu tukikanyaga pedali, kile kisanduku cha miguuni cha kukwaruza sauti, kinachotoka ni mzomeo wa juu tu. Ule uzito unaosukuma kifua, ambao abiria yeyote wa matatu ya Rongai anaujua, unatoweka papo hapo, na mpiga dramu anaachwa peke yake.

Kwa maoni yangu, lawama ni ya kitufe kimoja, geini, kinachoamua ukwaruzo uwe mkali kiasi gani, na ya mahali tunapokizungushia: chumbani, usiku, bila bendi.

Ila kuna hoja nataka kuiondoa njiani kwanza. Wapo wanaodai fazi, ile distoshoni kali kabisa, ni mambo ya gitaa la solo na mpiga besi anajitia tu. Historia haiko upande wao. Mwaka wa 1960, studioni Nashville, Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita kwenye rekodi ya Marty Robbins, na chaneli moja ya mikisa ikawa na hitilafu. Sauti ikatoka imekwaruzika vibaya, wakaamua kuiacha hivyo. Watu wakaipenda. Fundi aliyekuwa akirekodi siku hiyo, Glenn Snoddy, baadaye akashiriki kubuni kifaa cha kuitoa sauti ile makusudi, na kifaa hicho kikaingia sokoni mwaka wa 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Kufikia 1965 Paul McCartney alikuwa ameshapiga besi ya fazi kwenye rekodi ya Beatles. Kwa hiyo anayekwambia umevamia eneo la wenyewe, mwambie wewe ndiye mwenyeji.

Kinachofanyika ndani ya pedali si uchawi. Wimbi la sauti linakuzwa mpaka linakosa nafasi, vichwa vyake vinakatwa, na wimbi lililokatwa vichwa huzaa masafa mapya juu ya noti yenyewe. Uzi wa E ukiachwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, yaani Hz 41. Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 41 hata ukiisihi. Lakini ukwaruzo ukishazaa Hz 82, 123, 165, 206 na kuendelea, sikio linayadaka yale ya juu na kujijazia lenyewe noti ya chini ambayo haitoki. Ndiyo maana naamini hata rekodi ya injili au ya benga inafaidika na distoshoni kidogo kwenye besi. Nasema kidogo: msikilizaji asiweze kuitaja, ila ukiizima ahisi besi imerudi nyuma hatua mbili. Wapigaji wenzangu wa kanisani watanikatalia. Sawa tu, wengi wao husikilizwa kwenye simu.

Sasa, masafa ya chini ndiyo yenye nguvu nyingi zaidi katika sauti ya besi. Ukiyaingiza mazima kwenye pedali yenye geini kubwa yanaikaba, na noti badala ya kunguruma inakohoa na kukatika. Watengenezaji wa pedali za gitaa wanalijua hilo, kwa hiyo nyingi hupunguza chini kabla ya kukwaruza. Kwa gitaa ni sawa. Kwa besi umenyang'anywa kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Dawa ni kuigawa sauti njia mbili: moja ibaki safi na kubeba chini, nyingine ikwaruzwe na kubeba katikati na juu, kisha zikutane. Pedali za besi kama Boss ODB-3 zina kitufe cha kuchanganya hizo mbili, na Darkglass za kutoka Finland pia zinacho. Kama mfuko unaruhusu pedali moja tu, mimi ningenunua yenye kitufe hicho hata kama ukwaruzo wake ni wa kawaida, kuliko fazi ya kifahari isiyo nacho.

Na kama huna? Kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha gitaa na mikisa, ambacho karibu kila ukumbi na kanisa kubwa mjini linacho, kina tundu la pili la kupitisha sauti. Ingiza gitaa moja kwa moja kwenye DI, sauti safi iende kwenye mikisa. Kutoka lile tundu la pili peleka waya kwenye pedali na amplifaya, kisha weka maiki mbele ya spika. Fundi anapata chaneli mbili. Mwombe aikate ile chafu chini ya Hz 150 au 200 hivi, aiache safi ifanye kazi ya chini. Ghafla yule fundi wa "spika imepasuka" anakuwa mshirika wako, kwa sababu akiona uchafu umezidi ana pa kushika bila kukuondoa wewe mzima kwenye muziki.

Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya pedali huligeuza wimbi juu chini. Ukilichanganya na lile safi, moja linapanda wakati mwenzake anashuka, na chini kunafutika. Utaijua hivi: safi peke yake ni nene, chafu peke yake inaridhisha, zikiwa pamoja ni nyembamba kuliko kila moja. Mikisa nyingi kubwa zina kitufe cha kugeuza wimbi kwenye kila chaneli. Kibonyeze, usikilize.

Namna ninayoitengeneza sauti mazoezini ni hii. Dramu na gitaa vinapiga, si kimya. Geini ninaianza robo ya mzunguko, na sauti ya kutokea ninailinganisha mpaka pedali ikiwa imewashwa au imezimwa besi iko katika ukubwa uleule. Bila hivyo sikio hudanganywa na kelele na kudhani ni uzuri. Kisha napiga G ya chini, kidole kikiwa feti ya tatu ya uzi wa E, naiacha irefuke. Kama inatetereka na kukatika mwishoni, geini imezidi au chini imeingia nyingi mno. Kama ninasikia kidole kikigusa uzi kuliko ninavyosikia noti, toni iko juu mno. Nikiwa na spika yenye twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, naizima kabisa, maana mzomeo mwingi wa fazi hukaa pale juu na hauongezi chochote. Ukiisikia sauti hiyo baadaye ukiwa peke yako utaiona butu, haina mbwembwe. Ndani ya bendi ndiyo itakayosikika.

Masafa ya katikati nayo yanastahili maneno yake. Big Muff, pedali ya tangu mwaka wa 1969 ambayo wapiga besi wa roki wanaiabudu, ina shimo katikati, karibu na Hz 1000. Chumbani shimo hilo ni tamu ajabu. Jukwaani magitaa mawili yanaingia mlemle na wewe hupo. Nikiitumia napandisha katikati kwenye amplifaya mpaka inakera kidogo. Pedali ya RAT haina shimo hilo, na kwangu ni chaguo bora kwa besi, ila kumbuka kitufe chake cha filta kinakwenda kinyume: ukikizungusha kulia, juu inapungua. Wapo watu wameiuza wakidhani ni mbovu.

Fazi za zamani za mtindo wa Fuzz Face zina tabia zao. Zinataka zikutane na pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, moja kwa moja, kwa hiyo ziwe za kwanza kabisa kwenye mnyororo. Gitaa la besi lenye priampu (kikuza sauti kidogo) na betri ndani huzifanya zikaripe bila utamu, na kupunguza sauti kwenye gitaa hakuzisafishi kama inavyotakiwa. Kama besi yako ina swichi ya kuzima priampu, ndiyo siku yake.

Si kila muziki unaitaka. Besi ya benga inatembea haraka, noti zinafuatana karibu karibu, na fazi inarefusha kila noti mpaka inaikanyaga inayofuata. Huko ovadraivu nyepesi, yaani ukwaruzo laini, inatosha, basi. Lakini bendi ya watu watatu, gitaa likiingia solo na nyuma pakabaki patupu, hapo zungusha fazi mpaka mwisho na umsahau fundi. Piga noti mojamoja au oktava. Ukibana noti mbili zilizo karibu, masafa yake yatagombana na kuzaa mengine yasiyo ya wimbo.

Mwisho ni umeme, ambao kwetu ni nusu ya tatizo. Umeme wa Kenya unavuma kwa Hz 50, na kwenye gitaa la besi mahali hapo ni kati ya G na G kali ya uzi wa E, yaani katikati kabisa ya kazi yako. Fazi inauinua mvumo huo pamoja na watoto wake wa Hz 100 na 150. Katika majengo ya zamani mjini, ambako soketi nyingine hazina ardhi (ule waya wa usalama) inayofanya kazi, kuna mjanja atakayekushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi. Kataa. Watu hufa kwa hilo wakishika nyuzi na maiki kwa pamoja. Tumia swichi ya kuachanisha ardhi kwenye DI, na pedali yenyewe iendeshe kwa betri. Ukinunua adapta pale mtaa wa Luthuli, ipimwe kwanza, kwa sababu pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati na fazi kadhaa zenye transista za jamaniamu zinataka kinyume chake. Betri haina mvumo, na fazi sahili hula umeme kidogo sana. Ila ukimaliza kupiga chomoa waya wa gitaa kwenye pedali. Huo ndio unaoiwasha betri, hata taa ikiwa imezimwa.