Mandela, ardhi, na shitaka la vijana

Msaliti ni neno zito kumpachika mtu aliyefungwa miaka 27. Hata hivyo, wapo vijana wengi wa Afrika Kusini wanaomwita Nelson Mandela hivyo bila kusita: alichukua kura, akawaachia Wazungu ardhi. Uchungu wao una msingi. Ukaguzi wa serikali wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kati ya mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 yako mikononi mwa Wazungu, ambao hawafiki asilimia 10 ya wananchi.

Ninachopinga ni mahali wanapolianzia shitaka: gereza la Pollsmoor. Mwishoni mwa 1985, baada ya upasuaji, Mandela alitenganishwa na wafungwa wenzake, kina Walter Sisulu na Ahmed Kathrada. Akaamua kuzungumza na serikali ya makaburu bila kuwataka shauri wenzake kwanza. Hapo alijitwika mamlaka ambayo hakupewa, na ningekuwa mwanachama wa ANC, chama chake, wakati ule ningenung'unika. Lakini tazama alichotakiwa akubali: aachane na mapambano ya silaha, avunje undugu na Wakomunisti, asahau utawala wa walio wengi. Yote matatu aliyakataa, naye bado ni mfungwa. Sioni usaliti hapo.

Mapatano ya 1992 na 1993, ya ANC na serikali ya makaburu kuhusu kumaliza ubaguzi, ni magumu zaidi kuyapima. Wanaomtetea wanakumbusha hali ilivyokuwa. Juni 1992 watu 45 waliuawa katika kitongoji cha Boipatong. Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi wa ANC na wa Wakomunisti, akapigwa risasi nje ya nyumba yake, na nchi ikawa ukingoni mwa vita. Jeshi, polisi na benki vilikuwa vingali mikononi mwa Wazungu. Kudai mashamba wakati ule kungeweza kumaliza uchaguzi kabla haujafanyika. Mimi nawakubalia.

Ila utetezi huo unaishia kwenye uchaguzi wa Aprili 1994. Katiba ya 1996 inalinda mali, lakini pia inaruhusu serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kwa fidia ya haki inayozingatia pia jinsi ardhi ilivyopatikana. Bei ya soko ni kigezo kimoja tu kati ya kadhaa. Kanuni ya mnunuzi aliye radhi na muuzaji aliye radhi haimo humo. Hiyo ilikuwa sera, na iliyoichagua ni serikali ya Mandela mwenyewe. Iliahidi kugawa asilimia 30 ya ardhi ya kilimo katika miaka mitano, kisha ikangoja wenye mashamba wapende kuuza. Muda ukaisha, lengo likiwa mbali sana.

Linaloniuma ni kwamba chama kilikwisha kujionya. Mwaka 1969, katika mkutano wake wa Morogoro hapa Tanzania, ANC ilikubaliana kuwa kuwaachia wenye uchumi maslahi yao yote ni kulisha mzizi wa ubaguzi, na kwamba huo si hata kivuli cha ukombozi. Kuibadili sera ya ardhi hakukuhitaji theluthi mbili za Bunge, na ANC ilikuwa na zaidi ya asilimia 62 ya kura.

Sheria mpya ya kutwaa mali, iliyotungwa kuchukua nafasi ya ile ya makaburu ya 1975, ilisainiwa Januari 2025. Mandela alikuwa amelala kaburini Qunu, kijijini kwake, mwaka wa kumi na mbili.